Jinsi Seli za Korodani Zinavyopashana Habari Katika Kutengeneza Mbegu za Kiume

Jina la Mbozi linapotajwa, watu wengi hukumbuka kahawa ya arabika, au kile kimondo cha chuma kilicholala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, ambacho uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Wanafunzi husafirishwa kutoka mbali kwenda kukitazama, na ni vyema wafanye hivyo. Hata hivyo, katika nyumba za wakulima zilizozunguka Mbozi Mission, kituo cha zamani cha Kanisa la Moravian katika mkoa ambao tangu mwaka 2016 unaitwa Songwe, jambo linaloweza kuwanyima watu usingizi ni jingine kabisa. Ni la mume na mke ambao wamekaa pamoja miaka mitatu au minne, na nyumba bado haina mtoto.

Kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, anayeulizwa kwanza ni mke. Yeye ndiye anayenyweshwa mizizi, yeye ndiye anayesemwa na mawifi, na aghalabu ndiye anayefika hospitalini peke yake. Lugha yenyewe inamwonea, kwa kuwa neno "tasa" hutamkwa zaidi juu ya mwanamke, ilhali mwanamume aliyekosa mtoto huweza kutafutiwa mke wa pili kabla ya kutafutiwa kipimo. Wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mume, ama kwake peke yake ama kwa wote wawili. Na hata pale mashaka yanapomwangukia mume, huchanganywa mambo mawili yaliyo mbalimbali, yaani nguvu za kiume na mbegu za kiume. Mtu anaweza kuwa na nguvu na asiwe na mbegu hata moja. Isitoshe, ipo dawa inayotumiwa kwa nia ya kuongeza nguvu, ambayo huzifuta mbegu kabisa.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kujua mbegu hutengenezwa vipi, na ni nani anayetoa amri ya kuzitengeneza.

Kiwanda chenye vyumba viwili

Mkulima aliyewahi kuchinja beberu anaijua korodani kwa macho. Akiipasua huona nyama laini ya rangi ya manjano hafifu, na akiivuta kwa ncha ya kisu hutoka nyuzi nyembamba mno. Nyuzi hizo ni mirija. Korodani ya mwanadamu ina mirija mingi ya namna hiyo, iliyojikunja na kubanana, ambayo ikinyooshwa na kuungwa ncha kwa ncha hufikia urefu wa mamia ya mita. Mbegu hutengenezwa ndani ya ukuta wa mirija hii, na kwa mwanamume mzima mwenye afya idadi yake hufikia makumi ya mamilioni kila siku.

Kati ya mrija na mrija zimo seli za aina nyingine, zilizokaa kwa makundi madogo karibu na mishipa ya damu. Mjerumani Franz Leydig ndiye aliyezieleza mwaka 1850, nazo huitwa seli za Leydig. Kazi yao ni kutengeneza testosteroni, homoni inayompa mwanamume sauti nzito, ndevu, misuli na hamu. Ndani ya mrija, zikiwa zimesimama kutoka kwenye ukuta hadi katikati kama nguzo, zimo seli kubwa ambazo Mwitalia Enrico Sertoli alizieleza mwaka 1865. Hizi huitwa seli za Sertoli, lakini katika makala haya zitaitwa seli walezi, kwa sababu ulezi ndio kazi yao: kila mbegu inayokua hukumbatiwa nazo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo korodani ni kiwanda chenye vyumba viwili. Nje ya mirija hutengenezwa testosteroni, na ndani ya mirija hutengenezwa mbegu. Mfugaji anaweza kuuona utengano huu zizini. Maksai, ambaye korodani zake zimeondolewa au kupondwa, hukosa vyote viwili, hamu na mbegu. Lakini hutokea mara mojamoja fahali ambaye korodani zake zote mbili zilibaki tumboni na hazikushuka mfukoni. Fahali huyo hupanda majike kama wenzake, hupigana kama wenzake, wala mwenye ng'ombe hashuku kitu mpaka mwaka upite bila ndama. Joto la tumbo, ambalo huzidi lile la mfuko kwa nyuzi mbili hadi nne za Selsiasi, limekiua chumba cha ndani na kukiacha cha nje kikiendelea na kazi. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa kiume pia, na ndiyo sababu madaktari hushauri kwamba korodani isiyoshuka irekebishwe kwa upasuaji mapema, yaani kabla mtoto hajafikisha umri wa mwaka mmoja na nusu. (Tembo na pimbi hubeba korodani zao tumboni maisha yao yote na wanazaa bila taabu, maumbile hayakutumia kanuni moja kwa wanyama wote.)

Hodi kila baada ya saa moja na nusu

Hakuna chumba kati ya hivi viwili kinachojianzishia kazi. Amri hutoka mbali, katika sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Sehemu hiyo hutoa homoni iliyoundwa kwa asidi amino 10 tu. Muundo wake ulitangazwa mwaka 1971 na makundi mawili ya watafiti yaliyokuwa yakishindana huko Marekani, la Andrew Schally na la Roger Guillemin, na mwaka 1977 wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Homoni hiyo husafiri umbali mfupi sana kwenda kwenye tezi ya pituitari, nayo pituitari huitika kwa kumwaga katika damu homoni mbili ambazo katika karatasi za maabara huandikwa kwa vifupisho, LH na FSH. LH huenda kwa seli za Leydig. FSH huenda kwa seli walezi.

Jambo la ajabu ni namna amri ya kwanza inavyotolewa. Haimiminwi kama maji ya bomba. Hutolewa kwa mikupuo, mmoja kila baada ya saa moja na nusu hadi saa mbili hivi, usiku na mchana. Mikupuo ikikoma, pituitari hulala. Lakini ikiwa homoni hiyo itatiwa mwilini mfululizo bila kupumzika, pituitari nayo hulala vilevile! Majaribio ya Ernst Knobil na wenzake kwa nyani, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalilithibitisha hilo pasipo shaka. Mgeni anayebisha hodi, akanyamaza, kisha akabisha tena, hufunguliwa. Anayepiga kelele mlangoni kutwa kucha huishia kuzibiwa masikio. Seli ndivyo zifanyavyo: huvivuta ndani vipokezi vyake na kupunguza idadi yake mlangoni. Madaktari wameitumia tabia hiyo kuwatibu wanaume wenye saratani ya tezi dume, kwa kuwapa dawa inayofanana na homoni ya haipothalamasi, isiyokatika, ili pituitari inyamaze na testosteroni iliyokuwa ikiilisha saratani ikauke.

Maradhi nayo huweza kuuvuruga mpangilio huu. Katika nchi zenye mbung'o, ugonjwa wa nagana hujulikana kwa kukondesha ng'ombe na kutupisha mimba, lakini huwadhuru madume pia. Uchunguzi wa kondoo dume walioambukizwa vimelea vya nagana, ambao wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walishiriki, ulionyesha miaka ya 1990 kwamba ugonjwa huo huharibu utoaji wa testosteroni. Fahali aliyepona nagana na kunenepa tena asidhaniwe kuwa tayari amerudia hali yake yote.

Ujumbe unavyopokewa

LH ikifika kwenye seli ya Leydig haiingii ndani. Ni kubwa mno, na utando wa seli ni wa mafuta. Hukaa juu ya kipokezi kilichochomoza nje, na kipokezi hicho hugeuka umbo kidogo upande wa ndani. Hapo huanza mnyororo wa kupokezana ambao wanasayansi walihitaji miongo kadhaa kuufungua. Kipokezi huigutusha protini iliyo jirani, iitwayo protini G. Protini G hukiamsha kimeng'enya ambacho huanza kuigeuza ATP, ile akiba ya nishati ya seli, kuwa molekuli ndogo yenye umbo la duara ambayo wanakemia huiandika cAMP. Earl Sutherland ndiye aliyeigundua katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza ini, akaiita mjumbe wa pili, na mwaka 1971 alipewa Tuzo ya Nobel. Waliozigundua protini G, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walipewa yao mwaka 1994.

Mjumbe huyu wa pili ana faida kubwa. Molekuli moja ya LH mlangoni huzaa molekuli nyingi za cAMP ndani, na kila hatua inayofuata huongeza tena, mithili ya habari ya msiba inayotoka kwenye nyumba moja na kabla ya jioni imefika kijiji kizima. cAMP huamsha kimeng'enya kiitwacho kinasi A, ambacho kazi yake ni kubandika chembe za fosfati juu ya protini nyingine na hivyo kuziwasha au kuzizima. Mojawapo ya matokeo yake ni kufanya kazi kwa protini maalumu inayovusha kolesteroli kuingia ndani ya mitokondria. Ni kolesteroli ileile inayoogopwa na wagonjwa wa moyo. Humo hukatwa, na baada ya hatua chache zaidi huwa testosteroni. Tangu LH kubisha hodi mpaka testosteroni kuanza kuongezeka hupita dakika chache tu.

Mlezi na akiba ya mbegu

Seli walezi zimeshikana bega kwa bega kwa nguvu kiasi kwamba vitu vilivyomo katika damu haviwezi kupenya na kuzifikia mbegu zinazokomaa. Ukuta huo unahitajika. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, miaka mingi baada ya kinga ya mwili kujifunza kuwatambua wenyeji wake, na kama zingeachwa wazi zingeshambuliwa kama wageni. Lakini ukuta una gharama yake: ujumbe karibu wote unaozihusu mbegu lazima upokewe na mlezi kwanza, naye autafsiri.

Ndivyo ilivyo kwa FSH, ambayo humfikia mlezi kwa njia ya cAMP kama ilivyoelezwa juu ya LH. Testosteroni ina mwenendo tofauti. Kwa kuwa yenyewe ni ya jamii ya mafuta, hupenya utando, hukamatana na kipokezi chake ndani ya seli, na vyote viwili huingia kwenye kiini na kufungua jeni zilizokuwa zimefungwa. Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio ya panya ambao kipokezi cha testosteroni kiliondolewa katika seli walezi peke yake. Panya hao walikuwa na testosteroni katika damu, nazo seli changa za mbegu hazikuguswa. Hata hivyo mbegu hazikukomaa. Zilikwama katikati ya mgawanyiko. Hapo ilidhihirika kwamba testosteroni husema na mlezi, na mlezi ndiye anayesema na mbegu.

Jambo jingine la kukumbukwa, maana litarudi baadaye, ni kiasi. Testosteroni iliyomo ndani ya korodani huzidi ile iliyo katika damu mara nyingi sana, hata kukaribia mara mia. Korodani hukaa katika dimbwi la testosteroni yake yenyewe, na utengenezaji wa mbegu hauendi bila dimbwi hilo.

Kwenye msingi wa ukuta wa mrija zimo seli shina, ambazo ndizo akiba. Kila seli shina inakabiliwa na hiari mbili: ibaki kuwa akiba, au ishike njia ya kuwa mbegu, njia isiyo na kurudi. Mkulima wa mahindi anaifahamu taabu hii. Akila yote hana cha kupanda. Akitunza yote ghalani, familia inakufa njaa. Anayepima mizani hiyo katika korodani ni mlezi, kwa kutoa protini iitwayo GDNF inayoziambia seli shina zibaki zilivyo na kuongezeka. Mwaka 2000 watafiti wa Finland walionyesha kwa panya jinsi mizani hiyo ilivyo nyeti. Panya waliokuwa na nusu tu ya GDNF ya kawaida walimaliza akiba yao hatua kwa hatua, mirija ikabaki mitupu. Waliotiwa GDNF kupita kiasi walijaza mirija kwa seli shina zilizorundikana bila kuzaa mbegu.

Seli iliyokwisha kuondoka kwenye akiba husubiri kibali kimoja zaidi. Kibali hicho ni asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na vitamini A ya mboga za majani, maembe, maini na maziwa. Tangu mwaka 1925 ilijulikana kwamba panya dume walionyimwa vitamini A huharibikiwa korodani, lakini sababu ilikuja kufahamika baadaye sana: bila asidi hiyo seli haiingii katika ule mgawanyiko unaopunguza kromosomu kutoka 46 hadi 23. Yafaa ielezwe hapa kwamba habari hii si ruhusa ya kununua vidonge vya vitamini A. Anayekula mchicha na maembe anakipata kibali cha kutosha, na vitamini A ikizidi mwilini ni sumu.

Siku 74

Tangu seli kuiacha akiba mpaka mbegu yenye kichwa na mkia kuachiliwa na mlezi hupita siku 74 hivi. Muda huo hauharakishwi kwa chakula wala kwa dawa. Kisha mbegu huingia katika mrija mrefu uliojikunja mgongoni mwa korodani, ambako hukaa takribani siku 12 nyingine zikijifunza kuogelea.

Hesabu hii ina maana kubwa kwa mtu wa Mbozi. Shahawa zinazopimwa siku ya Nane Nane zina mbegu zilizoanza safari katikati ya Mei, mavuno ya kahawa yakiwa ndiyo kwanza yanaanza. Ikiwa mume aliugua homa kali mwezi Juni, karatasi ya maabara ya Agosti itaonyesha homa hiyo hata kama yeye mwenyewe ameisahau, kwa sababu joto la mwili lilizikuta mbegu zikiwa katika hatua zake laini. Kumhukumu kwa kipimo kimoja ni kumdhulumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini kuwa mbegu milioni 16 kwa kila mililita ya shahawa, na asilimia 42 ya mbegu ziwe zinatikisika. Aliye chini ya hapo hurudia kipimo, na miezi mitatu ni muda unaofaa kwa sababu ya hizo siku 74.

Sauti kutoka nje

Mfumo wowote wa amri huhitaji majibu. Testosteroni ikitosha katika damu, ubongo na pituitari huisikia na kupunguza LH na FSH. Seli walezi nazo hutoa homoni iitwayo inhibini, inayoiambia pituitari kwamba kazi ya FSH inaendelea vizuri. Kwa njia hiyo kiwanda hujisawazisha chenyewe, na kwa mwanamume mzima mwenye afya hakihitaji msaada wa mtu.

Sasa ichukuliwe hali ya mwanamume ambaye, kwa kuona hana mtoto, anashauriwa na rafiki adungwe sindano ya testosteroni ili "aongeze nguvu." Testosteroni inapanda katika damu. Misuli inajaa, hamu inaongezeka, naye anafurahi. Lakini ubongo unaisikia homoni hiyo wala hauna namna ya kujua kwamba imetoka kwenye bomba la sindano. Unahitimisha kwamba korodani zimefanya kazi kupita kiasi, na unanyamaza. LH inatoweka, FSH inatoweka. Seli za Leydig, zikiwa hazibishiwi hodi, zinaacha kuvusha kolesteroli. Dimbwi la ndani linakauka, na ile testosteroni iliyo katika damu haiwezi kulijaza, kwa kuwa korodani inahitaji kiasi kinachozidi cha damu mara nyingi. Ni sawa na mtu aliyeziba mfereji unaonywesha shamba, kisha akaja na ndoo moja. Baada ya miezi michache korodani hupungua ukubwa, na katika shahawa mbegu hazionekani. Mtu aliyekwenda kutafuta mtoto amejifunga uzazi mwenyewe.

Maneno haya si ya kukisia. Shirika la Afya Duniani lilitumia njia hiyohiyo kwa makusudi, likitafuta namna ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika taarifa ya mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya kutoka nchi 7 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. 157 kati yao walifikia hali ya kutokuwa na mbegu kabisa, na katika mwaka mzima wa kuitegemea sindano hiyo ilipatikana mimba moja tu. Walipoacha sindano mbegu zilirudi, ingawa kwa wengi ilichukua miezi kadhaa. Kuanzia mwaka 2018 ilijaribiwa jeli ya kupaka mabegani, yenye testosteroni pamoja na homoni nyingine iitwayo segesteroni, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 kwa wanaume 222 yalionyesha kwamba kufikia wiki ya 15, asilimia 86 walikuwa wamebakiwa na mbegu milioni moja au pungufu kwa mililita. Kinachotazamwa kama mafanikio katika utafiti huo ndicho balaa kwa yule anayetamani mtoto.

Mlango huohuo umebishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, safari hii kwa faida ya wakulima. Panya shamba, yule ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis, hufukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa, na huzaa kwa wingi kwa kufuata mvua. Sumu humwua, lakini humwua pia bundi anayemla, na waliosalia huzaliana upesi kujaza nafasi. Kwa hiyo watafiti wamejaribu chambo chenye homoni ziitwazo kwinestroli na levonogestreli. Kwinestroli ni ya jamii ya homoni za kike. Pituitari ya panya dume huisikia na kunyamaza, na korodani zake husinyaa. Kwa panya ni hila ya kilimo. Kanuni yake haitofautiani na ile ya sindano.

Kusoma karatasi ya maabara

Mume na mke waliotajwa mwanzoni wakifika hospitalini pamoja, nusu ya kazi imekwisha kufanyika. Kwa mume kipimo cha kwanza ni cha shahawa, baada ya kujizuia siku mbili hadi saba. Shahawa zinapaswa kufika chini ya hadubini kabla ya saa moja kupita na bila kupoa. Kwa mtu anayetoka kijijini kwa miguu au kwa pikipiki, katika baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, hilo ni gumu. Ni afadhali atoe shahawa hukohuko hospitalini kuliko kubeba chupa njia nzima na kuambiwa mbegu zake zimekufa, kumbe zilikufa barabarani.

Ikiwa mbegu hazionekani kabisa, damu hupimwa, na hapo ndipo ujuzi wa njia za kupashana habari unapoleta faida. FSH ikiwa juu sana na korodani zikiwa ndogo, maana yake pituitari inapiga kelele na seli walezi hazijibu: kosa limo kiwandani, pengine tangu utotoni, pengine kutokana na matubwitubwi yaliyompata mtu baada ya balehe. Homoni zikiwa za kawaida na korodani zikiwa na ukubwa wake, inafaa kushuku kwamba mbegu zinatengenezwa lakini njia imeziba, na kisonono kisichotibiwa mapema ni mmoja wa wazibaji. LH na FSH zikiwa chini zote mbili, kiwanda ni kizima lakini amri haifiki. Hali hii ya tatu ndiyo yenye matumaini zaidi, kwa sababu amri inaweza kutolewa kwa sindano za homoni zinazofanya kazi ya LH na FSH, kwa muda wa miezi, mpaka mbegu zionekane.

Lakini kabla ya kuanza matibabu hayo ya gharama, daktari mwangalifu humwuliza mume swali moja faraghani, mkewe akiwa nje: je, umewahi kudungwa sindano, kupaka au kumeza dawa yoyote ya kuongeza nguvu? Akijibu ndiyo, huambiwa aiache mara moja, na huelezwa kwamba ubongo utahitaji majuma kadhaa kuanza tena kubisha hodi, na kwamba baada ya hapo siku 74 zitahesabiwa upya tangu mwanzo. Aliyepimwa wakati wa Nane Nane huandikiwa kurudi Novemba, mvua zinapokaribia, na anaweza kuhitaji kurudi tena Februari.